Mwalimu wa Kuanguka

Wanjira alipokuwa bado ameajiriwa, kabla hajaanza kazi yake mwenyewe, Malindi nzima ilimwita Dada Magongo. Sababu ilionekana kutoka mbali. Pikipiki ya ofisi ilikuwa ndogo, yeye alikuwa na mwili wa kutosha, na juu ya hayo nyuma yake kulifungwa magongo ya mbao, jozi mbili tatu, yamechomoza huku na huku hata wenye baiskeli wakampisha njia. Mwanamke wa bara, mzaliwa wa Murang'a, juu ya pikipiki, mwaka wa themanini na moja! Watu walitazama. Naye alipenda kutazamwa, tusimsingizie unyenyekevu asiokuwa nao.

Alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii katika shirika moja la kanisa. Alianzia Mtwapa, akahamishiwa Malindi, akapanga vyumba viwili mtaa wa Barani. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea watu waliolemaa majumbani mwao, kuwapelekea magongo na viti vya magurudumu, kuwaonyesha jamaa zao namna ya kuwaogesha na kuwageuza, na zaidi ya yote kuzungumza nao. Wanjira alijua kuzungumza. Aliweza kuingia nyumba ambayo watu wake hawajacheka tangu balaa liwafike, na akitoka, mgonjwa ameomba wembe anyoe ndevu. Ofisini walisema ana kipaji. Kipaji alikuwa nacho kweli, lakini alikuwa na ukaidi pia, na ukaidi ndio uliomfikisha mbali.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Lewa, mgema wa Msabaha. Mgema, kwa asiyemjua, ni mtu anayepanda mnazi asubuhi na jioni kwenda kukinga tembo, ile pombe ya mnazi, kisu cha kotama kiunoni, kibuyu begani, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. Siku moja ya mvua Lewa alikuwa akishuka, amekwisha fika kimo cha paa la nyumba, mguu ukateleza. Badala ya kutanua mikono alikikumbatia kibuyu kifuani, akaja chini kwa mgongo. Kibuyu hakikuvunjika. Kijiji kizima kilisimulia jambo hilo kwa fahari: mnazi ulimwacha Lewa, na tembo halikumwagika! Lewa mwenyewe alilisimulia, akiwa chali kitandani, miguu haina habari naye tena. Kibuyu kile kilitundikwa ukutani juu ya kichwa chake, mahali wageni wangekiona.

"Mzee, kwa nini hukukiachia?" Wanjira aliwahi kumuuliza.

"Nikiachie?" Lewa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtupa mtoto. "Nikamwambie nini mwenye mnazi?"

Walicheka wote, hata Kabibi mkewe. Wanjira alikuwa akikaa saa nzima katika nyumba ile, akinywa maji ya mtungi katika kikombe cha bati, akimsaidia Kabibi kumgeuza Lewa ubavu huu na ubavu ule. Aliwahi kugundua kwamba watu wa pale hawasemi mgema ameanguka. Husema mnazi umemwacha. Alilisikia neno hilo miaka miwili na hakuuliza kwa nini. Mtu aliyelipwa kwa kuzungumza na watu alipaswa kuuliza, lakini Wanjira, tuseme ukweli, alikuwa msemaji mzuri kuliko alivyokuwa msikilizaji.

Vidonda vya kulala ndivyo vilivyommaliza Lewa, katika mvua ya masika ya mwaka wa themanini na tatu. Wanjira alikwenda kuzika. Watu walipotawanyika alibaki na Kabibi nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza maneno yalimwisha. Alilia tu, akasema, "Mama, mimi kila siku nachelewa."

Kabibi alimpangusa kwa ncha ya leso yake, kana kwamba aliyefiwa ni yule mgeni.

Baada ya matanga alirudi kumjulia hali. Kabla hajafika uani alimwona kijana anashuka mnazini, mwembamba, mwepesi, anakanyaga vidato bila hata kuvitazama. Alikuwa Jefwa, mwana wa pekee wa Lewa. Kiunoni alikuwa na kotama ya babake. Begani alikuwa na kibuyu cha babake, kile kile cha ukutani.

"Shikamoo, Dada Magongo," Jefwa alisema, meno yote nje.

Wanjira aliitikia marahaba, na moyo ukamshuka. Nyumba zote alizozijua kati ya Malindi na Mtwapa alizijua kwa sababu mtu alikuwa amekwisha vunjika. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo aliijua kabla. Alimpenda kijana huyu, alikuwa amemfundisha kumwinua babake, na sasa angengoja nini? Angengoja aje amletee magongo? Kuanzia siku ile alikuwa na jambo moja tu rohoni: Jefwa asije akalala katika kitanda cha Lewa. Namna ya kulizuia hilo hakuijua hata kidogo.

Alijulishwa na tope la Barani. Siku hiyo alikuwa anarudi kazini, pikipiki ikaserereka mbele ya ghala la zamani la mahindi, naye akatanguliza mkono kujizuia. Kiwiko kilisalimika, kifundo cha mkono kikavunjika. Mlangoni pa ghala alikaa mzee mmoja mkavu, kikombe cha chai mkononi. Hakukimbia kumsaidia. Alimtazama vizuri kwanza.

"Umeanguka vibaya sana," alisema.

Wanjira, matope mpaka masikioni, alipandwa na hasira. "Kwani kuna kuanguka vizuri?"

"Kuna," mzee alijibu, akaweka kikombe chini, ndipo akaja kumwinua.

Huyo alikuwa Kamande, inspekta mstaafu wa polisi. Katika ujana wake kazini alikuwa amefundishwa judo na Mjapani mmoja wa kujitolea, na alipostaafu hakutaka kurudi kwao milimani kulima viazi. Alibaki Malindi, akakodi ghala lile, akatandika sakafuni magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi yaliyopondwa, akafunika turubai juu yake. Jioni aliwafunza judo askari wa mahoteli. Hoteli zilikuwa zinaota kila mahali miaka ile, na kila hoteli ilitaka askari anayeweza kumtoa mlevi nje bila kumng'oa meno.

Mkono ukiwa kwenye plasta Wanjira hakuweza kuendesha pikipiki, kwa hivyo jioni alikwenda kukaa kwenye benchi la ghala kutazama. Alidhani ataona watu wakipigana. Aliona watu wazima wakianguka. Waliangukia mgongo, waliangukia ubavu, walijiviringisha, na kila mara mkono uliokuwa huru uliipiga turubai kwa kishindo, kidevu kimebanwa kifuani ili kichwa kisiguse chini. Jumatatu kuanguka, Jumatano kuanguka. Askari wapya walinung'unika kwamba wamekuja kufunzwa kutupa watu, na Kamande alikuwa akiwajibu neno moja siku zote: "Atakayekutupa hatakungoja ujifunze."

Siku moja Wanjira aliona kitu kilichomfanya asimame. Askari mmoja alitupwa akiwa ameshika taulo lake, na badala ya kuliachia alilikumbatia. Aliangukia mgongo mzimamzima, pumzi ikamwisha, akabaki akitweta. "Achia!" Kamande alimkemea. "Ukianguka umeshika kitu, mwili hauna mkono wa kujisaidia. Achia kila kitu!"

Wanjira alitoka nje akaegemea ukuta. Hakuwa na huzuni, alikuwa na hasira. Ujuzi huu ulikuwa hapa hapa Barani, nyuma ya nyumba anayolala, na Lewa alikuwa Msabaha anaoza mgongo chini ya kibuyu kizima.

Plasta ilipotolewa alimwambia Kamande anataka kujifunza.

"Utavunjika," Kamande alisema.

"Nimeshavunjika. Umeniona mwenyewe."

Askari walihangaika. Judo ni kushikana nguo, na mwanamke huyu walimheshimu, tena ana miaka thelathini na sita. Mmoja, Gona, aliyekuwa akiimba naye katika kwaya, alisema hawezi kumshika kola mpaka amwulize mchungaji. Mchungaji alicheka akasema Biblia haikatazi. Basi wakamshika, wakamtupa, na wiki ya kwanza Wanjira alikwenda kazini akitembea kama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Lakini hakukosa siku. Fundi cherehani mmoja alimshonea koti na suruali za kitambaa kizito cheupe, akimwuliza mara mbili kama ni kweli ni zake. Mwaka ulipokwisha Gona ndiye aliyekuwa akitupwa, na hakumwuliza mchungaji tena.

Kamande hakumdanganya. Wanjira alipomweleza habari za wagema alimwuliza kwanza minazi ina kimo gani. "Akiachwa na mnazi huko juu kabisa kwenye makuti," alisema, "judo haina la kumfanyia. Mwombee. Lakini akiwa amefika chini chini, na akaacha mikono huru, na akajua kujikunja, pengine ataumia bila kuvunjika mgongo. Pengine. Usiende kumwahidi mtu zaidi ya pengine."

Pengine ilimtosha Wanjira. Ilikuwa kubwa kuliko chochote alichowahi kupakia nyuma ya pikipiki.

Hapo ndipo alipoharibu mambo. Alikwenda Msabaha siku ya Jumapili, Kabibi amekaa uani na majirani, Kazungu ndugu wa marehemu, mgema pia, akiwepo, Jefwa anakoka moto. Kabibi alimpa maji katika kikombe kile cha bati, wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali. Naye Wanjira, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, akasema kwa sauti yake kubwa: "Mama Jefwa, nimekuja na jambo jema. Nataka kumfunza Jefwa kuanguka."

Kazungu aliinuka akaenda zake bila kuaga. Kabibi aliunyosha mkono, akakichukua kikombe mkononi mwa Wanjira, akayamwaga maji yaliyobaki chini, taratibu, mbele ya watu wote.

"Wataka kumfunza nini mwanangu?"

"Mama, sikukusudia..."

"Nimekuzoesha nyumba yangu. Umekula kwangu, umemwosha mume wangu. Kisha waja wamtajia mwanangu neno hilo, naye kesho alfajiri apanda?" Sauti ya Kabibi ilikuwa chini, na hilo ndilo lililomtisha Wanjira. "Ondoka. Usije ukamwonyesha mnazi njia."

Aliondoka akisukuma pikipiki kwa miguu, asingoje hata kuiwasha. Ndipo alipoelewa kile ambacho miaka miwili hakukiuliza: kwa watu hawa kulitaja jambo lile ni kuliita. Alijilaumu, kama ilivyompasa. Mtu wa mjini angesema ni ujinga wao, lakini Wanjira hakusema hivyo, si siku ile wala baadaye. Alisema mwenye kosa ni mgeni anayeingia kwa watu na maneno yake mdomoni bila kuonja ya kwao.

Ofisini hakupata faraja. Msimamizi wake, Bwana Ngala, alikuwa mtu mwema na mchovu. "Sisi huhudumia walemavu, Wanjira," alimwambia. "Ambaye hajalemaa si wetu. Akilemaa, mlete."

"Yaani nimngoje?"

Bwana Ngala alikuna kichwa. Wanjira aliona kwamba hakuwa na kosa. Kazi ilivyopangwa ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa mwezi alirudisha pikipiki na magongo, akaaga, akaenda kwa miguu hadi ghalani kwa Kamande. Jamaa zake wa Murang'a walipopata habari kwamba ameacha kazi ya mshahara ili akapigane mieleka na askari, walimtuma binamu kuja kuona kama amerogwa. Binamu alitupwa mara mbili juu ya makumbi, akarudi na habari kwamba dada yao ni mzima kabisa.

Magoti ya Kamande yalikuwa yameanza kumgomea, kwa hivyo kidogo kidogo ghala likawa la Wanjira. Na hapo likatokea jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Watu waliokuwa wakimwendea ofisini na shida zao walimfuata ghalani. Karani aliyenyimwa cheo alikuja, akaja mjane anayegombewa shamba, akaja mama mwenye nyumba ya wageni aliyetapeliwa na mchumba. Wanjira hakuwauliza kitu. Aliwapa koti, akawafunza kuanguka, na walipokwisha tokwa jasho na kucheka aibu yao ndipo alipokaa nao kwenye benchi. "Sasa niambie," alikuwa akisema, kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya: akanyamaza. Kikombe kilichomwagwa Msabaha kilikuwa kimemfunza. Wengi walisema wamepata msaada kwake pale sakafuni ambao hawakuupata penginepo, nao hawakutia chumvi.

Lakini Jefwa hakuwa miongoni mwao, na kila asubuhi ya mvua Wanjira aliamka na kusikiliza maji yakipiga paa la bati, akimwona kijana yule juu ya vidato vilivyolowa. Kurudi Msabaha hakuweza. Kumwita hakuweza. Alingoja, na kungoja kulimchoma.

Kilichomleta Jefwa ni kiburi, na ashukuriwe Mungu kwa kiburi cha vijana. Gona alikuwa akinywa tembo huko Msabaha siku zake za mapumziko, na siku moja alijigamba kwamba pale Barani kuna mwanamke anayeweza kumtupa mwanamume yeyote wa pwani. Jefwa alikuwa na mikono ya mgema, mikono inayoning'inia juu ya watu kila siku. Jumamosi alikuwa mlangoni pa ghala, amevua shati.

Alipomwona ni nani alisita. Wanjira naye alihisi maneno yote yakimjia kooni kwa pamoja. Akayameza.

"Umekuja kufanya nini?" alimwuliza.

"Kujifunza kutupa watu."

"Vizuri. Hapa tunatupa watu. Vaa koti."

Akamtupa. Jefwa aliinuka, uso umemwiva, akamrukia, akatupwa tena. Jioni ile alitupwa mpaka makumbi yakamwingia nywelani, na Jumamosi iliyofuata akarudi, kwa kuwa kijana aliyetupwa na mwanamke hawezi kulala nyumbani kwake kwa amani. Wanjira hakumfunza kuanguka, la hasha. Alimtupa tu, na kila mara alimwambia kwamba, ili aweze kuinuka upesi na kulipiza, abane kidevu, ajikunje, apige chini kwa mkono. Jefwa alilipiza pia. Alikuwa mwepesi, na siku alipomtupa Wanjira kwa mara ya kwanza ghala zima lilipiga makofi, na Wanjira chini pale akacheka kwa sauti.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Alinunua sokoni vibuyu vya bei rahisi, akavijaza maji, akamwambia Jefwa avae kimoja begani wakati wa kushikana. Jefwa akakivaa. Alipotupwa alikikumbatia. Mara ya pili alikikumbatia. Mikono ile ilikuwa imelelewa kulinda tembo tangu utotoni, na hata akili ilipoiambia iachie, haikusikia. Wiki zilipita. Vibuyu vilitoka vizima, Jefwa akatoka na michubuko, na Wanjira alirudi nyumbani akiwa amekata tamaa.

Jioni moja baada ya wengine kuondoka Jefwa alikaa naye kwenye benchi.

"Mwalimu," alisema, "najua unanifunza nini. Nimejua zamani. Wewe usilitaje tu."

"Sitalitaja."

"Baba nilimwona. Nilikuwa chini ya mnazi, nilikuwa nikimngojea." Alikuwa akivuta uzi uliochomoka kwenye koti lake. "Alikuwa na nafasi ya kushika kidato. Mkono mmoja ulikuwa karibu. Akachagua kibuyu."

Wanjira alichukua kibuyu kingine akakijaza maji.

"Nitupe tena," Jefwa alisema, akainuka, akajivika kibuyu. Wanjira akamtupa. Mikono ikafunguka. Kibuyu kilikwenda kugonga ukuta kikapasuka, maji yakatiririka juu ya turubai, na mkono wa Jefwa ukapiga chini kwa kishindo kilichomfanya Kamande achungulie kutoka jikoni. Wanjira alichukua tambara akaanza kukausha turubai, na kichwa alikiinamisha machozi yasionekane.

Nyumbani Jefwa hakusema. Mamake alijua tu kwamba mwanawe huenda Barani kwa mieleka.

Masika ya mwaka wa themanini na saba yalikuja na mvua ya usiku kucha. Asubuhi Gona alifika ghalani mbio, anatokea Msabaha. Hakungoja kuulizwa.

"Mnazi umemwacha Jefwa."

Jinsi Wanjira alivyofika Msabaha hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka nyuma ya baiskeli ya Gona na pumzi ya Gona, na kwamba njia nzima alikuwa akijiambia kwamba yeye ndiye aliyemtajia neno lile. Aliona watu wamezunguka shina la mnazi, wengi, akapita katikati yao akitumia viwiko.

Jefwa alikuwa amekaa. Amekaa! Mgongo wima, miguu ameinyosha mbele yake kwenye mchanga uliolowa, uso umemparara, mkono wa kulia umening'inia vibaya kutoka begani. Wanjira alipiga magoti. Hakumwuliza lolote, alimkamata vidole vya miguu.

"Nahisi," Jefwa alisema. "Vyote nahisi. Bega ndilo limekwenda." Kisha kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyekosea: "Nilikuwa nashuka, karibu kimo cha paa. Kibuyu cha baba, mwalimu. Nimekiachia."

Kabla hajamjibu, Kazungu alikwisha simama mbele yao, kidole kimemwelekea Wanjira. "Ndiye huyu! Alilitaja neno lile uani kwa ndugu yangu, sote tukasikia. Kumbe hakutosheka, akamchukua kijana wa watu huko Barani akamfunza! Jefwa hakuwahi kuteleza tangu aanze kupanda. Amefunzwa, na sasa tazameni! Aliyefunzwa jambo hulifanya!"

Watu waliguna. Wengine walisema ni kweli. Wanjira alibaki amepiga magoti. Hakujitetea kwa sababu sehemu ya moyo wake iliamini. Alivua leso aliyojifunga kiunoni akaanza kumfunga Jefwa mkono, ili apate kutazama kitu kingine badala ya nyuso za watu.

Kabibi alikuwa upande wa pili wa mnazi, ameinama. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa akiokota vitu mchangani, kimoja kimoja, akivitia katika pindo la leso yake. Alipomaliza alikuja polepole, akasimama kati ya Kazungu na Wanjira.

"Shemeji," alisema, "wasema mwanangu kaanguka kwa sababu kafunzwa kuanguka."

Watu walishtuka. Hawakuwahi kumsikia akilitamka neno lile, si siku ya Lewa, si siku ya maziko. Alilirudia.

"Kaanguka. Haya. Na nduguyo je? Lewa alifunzwa na nani?"

Kazungu alishusha kidole.

Kabibi aliachia pindo la leso. Vipande vya kibuyu vilimwagika miguuni pa shemeji yake, vyeusi kwa miaka na moshi wa nyumba, vimelowa tembo. "Siku ile kibuyu kilibaki kizima, mume wangu akavunjika. Na nyinyi mkakisifu kibuyu. Mkanitundikia ukutani. Miaka miwili nimemgeuza mume wangu chini yake, na kila mgeni aliingia akakitazama kibuyu kwanza." Aliwageukia watu wote. "Leo tazameni kilichovunjika. Kisha mtazameni mwanangu."

Wote wakamtazama Jefwa, aliyekuwa akijaribu kuinuka. Gona alimshika upande mzima, Wanjira akamshika kiuno, na mwana wa Lewa akasimama kwa miguu yake chini ya mnazi.

"Wewe bado wapanda, shemeji," Kabibi alimwambia Kazungu, amekwisha tulia. "Jumamosi utakwenda Barani."

Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bati, kimejaa maji ya mtungi hadi ukingoni, na alikibeba kwa mikono miwili asimwage. Alimpa Wanjira, akangoja anywe, akampangusa uso kwa ncha ya leso.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Leo umewahi."